Kifumbu cha Damu: Utando wa Dialisisi na Seli za Mgonjwa wa Figo

Kwetu Ole, Pemba, ukitaja mashine ya figo utajibiwa kwa sentensi moja tu: "Akishaingia kwenye mashine, huyo hana siku." Nimeisikia barazani, nimeisikia dukani tukisubiri chenji, nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Na sentensi hii ina madhara. Mtu anaambiwa na daktari kuwa figo zake zimefika ukingoni, anarudi nyumbani, anajaribu dawa za miti, anasubiri. Anakuja kupelekwa hospitali miguu imeshavimba, pumzi fupi, hajijui. Akifariki wiki ya kwanza, kijiji kinasema: si tuliwaambia?

Mie nasomea ualimu, si udaktari. Lakini somo langu ni Bayolojia, na wakati wa mazoezi ya kufundisha mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama mashine inasafisha damu, mbona babu yangu akitoka huko anakuwa hoi kuliko alivyokwenda?" Ni swali la haki kabisa, na jibu lake halimo kwenye kitabu cha kiada. Nimelitafuta, na makala hii ndiyo niliyoyapata. Nitasema mapema: ndani ya ule usemi wa barazani mna chembe ya ukweli. Ila ukweli wenyewe unaelekea kinyume na wanakoupeleka.

Tuanze kama walimu, kwa malengo. Ukimaliza kusoma uweze (a) kueleza dialisisi inavyofanya kazi, (b) kueleza kwa nini aina ya utando inaweza kuumiza seli za damu, (c) kutofautisha utando wa selulosi na wa sintetiki, na (d) kumweleza jirani yako haya yote bila kumtia hofu wala kumpa matumaini ya uongo.

Figo inafanya nini

Mtu mzima ana figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna nefroni zipatazo milioni 1, na kila nefroni ni chujio dogo. Kwa siku moja figo zinachuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha zinayarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita 1 hadi 2 tu kama mkojo. Figo hazichuji tu. Zinasawazisha chumvi na shinikizo la damu, na zinatengeneza homoni inayouamuru uboho wa mifupa uzalishe seli nyekundu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi huwa na upungufu wa damu hata kabla hajaiona mashine.

Figo zikishindwa kabisa, yurea, kreatinini, potasiamu na maji hubaki mwilini. Potasiamu ikizidi sana, moyo unaweza kusimama. Njia zinazobaki ni tatu: kupandikizwa figo ya mtu mwingine, dialisisi ya tumboni, au dialisisi ya mashine. Upandikizaji ulianza kufanyika hapa nchini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, na mwaka uliofuata ukaanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Lakini si kila mtu ana ndugu wa kumpa figo inayolingana, na walio wengi huangukia kwenye mashine.

Kawaida mgonjwa hukaa kwenye mashine saa 4, mara 3 kwa wiki. Kwa miaka mingi, kwa mtu wa Ole maana yake ilikuwa gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja, au kuendelea mpaka Dar es Salaam. Mara tatu kwa wiki si safari tena, ni kuhama. Na piga hesabu: 3 mara 4 ni saa 12. Wiki ina saa 168. Figo nzima inafanya kazi saa zote 168 bila likizo, mashine inataka kuifanya kazi hiyo kwa 12. Maji na taka za siku mbili vinaondolewa kwa muda wa filamu mbili za Kihindi. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la swali la mwanafunzi wangu: mwili unayumbishwa haraka, lazima uchoke.

Sehemu ya pili ya jibu ipo kwenye chujio lenyewe.

Kifumbu na tui

Aliyekulia jikoni Pemba anakijua kifumbu, kile kifuko kilichosukwa cha kuchujia nazi. Unatia nazi iliyokunwa na maji, unakamua, tui linapita, chicha inabaki. Tundu zikiwa kubwa, chicha inapenya. Zikiwa ndogo mno, tui halitoki. Na kuna jambo jingine ambalo mama zetu wanalijua vizuri kuliko vitabu: kifumbu chenyewe nacho kina neno lake. Kikiwa kichafu au kimechacha, tui linaharibika hata kama nazi ilikuwa nzuri. Chujio linakutana na kile linachokichuja.

Utando wa dialisisi ni kifumbu cha damu. Umo ndani ya kopo la plastiki lenye urefu wa karibu rula moja. Ndani ya kopo mna maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati kama mirija, kila mrija ukiwa na upana wa ndani wa takriban milimita 0.2. Damu inapita ndani ya mirija. Nje yake, kwa mwelekeo wa kinyume, yanapita maji maalumu yenye chumvi zilizopimwa. Ukizikunjua nyuzi zote ukazitandika, eneo lake kwa mgonjwa mzima ni kama mita za mraba 1.5, yaani misala miwili ya kuswalia. Misala miwili ya kitu kigeni inakutana na damu ya mtu kwa saa 4, mara 3 kila wiki, kwa miaka. Likumbuke hilo tunapoendelea.

Taka zinatoka kwa difusheni, ileile tunayoifundisha Kidato cha Kwanza: kutoka penye vingi kwenda penye vichache. Ukubwa wa molekuli ndio unaoamua nani apite. Yurea ina daltoni 60, kreatinini 113. Zinapita bila shida. Albumini, protini muhimu ya damu, ina daltoni kama 66,000. Hiyo hatutaki ipite. Katikati kuna takataka za wastani, mfano beta-2 mikroglobulini yenye daltoni 11,800. Utando wenye tundu ndogo unaibakisha mwilini, wenye tundu kubwa kidogo unaitoa. Inapobaki kwa miaka, hujijenga kwenye viungo na mifupa kama amiloidi, na mgonjwa huanza kulalamika maumivu ya mabega na ganzi ya mikono. Wanasayansi wa Japani ndio waliotambua mwaka 1985 kuwa protini hiyo ndiyo chanzo.

Kutoka ngozi ya soseji

Jina dialisisi lilitolewa na mkemia wa Scotland, Thomas Graham, mwaka 1861. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu kwa maana halisi ilitengenezwa na daktari kijana wa Kiholanzi, Willem Kolff, katika mji wa Kampen mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Hakuwa na vifaa. Alichukua mrija wa selofani uliotumika kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa lililotengenezwa kwa vipande vya mbao, na pipa likawa linazunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mwanamke mmoja wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka, akaishi.

Kuna kitu hapa kinachotuhusu sisi walimu. Ule mrija wa kufundishia osmosisi na difusheni maabara, tunaoutilia wanga na kuutumbukiza kwenye maji ya aidini, nao ni wa selulosi na asili yake ni ngozi ya soseji. Ukiushika mkononi, umeshika ndugu wa utando wa Kolff. Mwambie mwanafunzi wako hivyo, uone kama atasinzia.

Selulosi, basi, ndiyo iliyotawala miaka mingi. Utando uliotumika sana uliitwa Cuprophan. Ulitengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizoyeyushwa kwa mchanganyiko wa shaba na amonia, kisha zikavutwa upya kuwa utando mwembamba. Ulikuwa rahisi, imara, na unatoa yurea vizuri. Pamba hiihii ya kanga, nani angeidhania vibaya?

Dakika 15 za mwanzo

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Kaplow na Goffinet, walitoa taarifa ya ajabu. Walipopima damu ya wagonjwa dialisisi ilipoanza, seli nyeupe zilikuwa zimeshuka vibaya ndani ya dakika chache. Baada ya muda wa kama saa moja zikarudi. Zilikwenda wapi? Hazikubaki zote kwenye chujio. Mwaka 1977 Craddock na wenzake walionyesha kuwa seli hizo zilikuwa zimejibana kwenye mishipa midogo ya mapafu, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa walikuwa wakibanwa na pumzi mwanzoni mwa matibabu.

Sababu yake ni hii. Selulosi ni mnyororo wa sukari, na juu yake yamejaa makundi ya haidroksili. Mwili wetu una kundi la protini kwenye damu linaloitwa mfumo wa komplimenti. Kazi yake ni ulinzi: unatambua ukuta wa bakteria na kupiga ngoma ili askari waje. Kuta za bakteria wengi nazo zina minyororo ya sukari. Kwa hiyo damu inapogusana na selulosi, komplimenti inadhani imevamiwa. Protini iitwayo C3 inajibandika kwenye utando na kuanza kukatika, vipande vya C3a na C5a vinamwagika kwenye damu. C5a ndiyo ngoma yenyewe. Seli nyeupe aina ya nyutrofili zikiisikia zinakuwa na gundi, zinashikana, zinakwama kwenye mapafu, na zinafungua silaha zao.

Hapo ndipo seli zinapoumia. Silaha za nyutrofili ni za aina mbili. Ya kwanza ni vimeng'enya vinavyokata protini. Ya pili ni oksijeni tendaji, molekuli zenye hasira zinazochukua elektroni kwa yeyote zinayekutana naye. Kama kuna bakteria, silaha zinampata bakteria. Hapa bakteria hayupo. Kilichopo ni seli za mgonjwa mwenyewe. Mafuta ya ngozi ya seli nyekundu yanaoksidika, seli inakuwa dhaifu na maisha yake yanafupika, kwa mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu. Protini zinaharibika. DNA ya seli nyeupe inapata majeraha yanayoweza kupimwa, na wagonjwa wa utando wa selulosi walikutwa na majeraha mengi zaidi kuliko wa utando wa sintetiki. Seli nyingine zinaamua kujiua zenyewe, jambo linaloitwa apoptosisi, na kinga ya mgonjwa inazidi kulegea.

Ongeza kuwa kushindwa kwa figo kwenyewe, hata bila mashine, tayari kunaongeza oksijeni tendaji mwilini na kupunguza vizuizi vyake. Yaani moto upo, utando mbaya unamwagia mafuta ya taa.

Utando ulioboreshwa

Mara chanzo kilipojulikana, dawa nayo ikaonekana. Njia ya kwanza ilikuwa kuifunika ile haidroksili. Selulosi ikitiwa asetati, makundi mengi ya haidroksili yanazibwa na komplimenti inapungua kelele. Hizo ni selulosi asetati, diasetati na triasetati. Njia ya pili ilikuwa kuiacha selulosi kabisa na kutengeneza utando wa sintetiki: polisalfoni, polietha-salfoni, poliakrilonitraili na wenzao. Huko ile anguko kubwa la seli nyeupe la dakika 15 za mwanzo linapungua sana, na tundu zinaweza kutengenezwa kubwa kiasi cha kuitoa beta-2 mikroglobulini. Wengine wakaenda mbele zaidi, wakapaka utando vitamini E ili ipokee hasira za oksijeni tendaji palepale zinapozaliwa. Leo polisalfoni na jamaa zake ndio walioenea zaidi, na ile selulosi tupu ya zamani imeachwa karibu kila mahali.

Kwa hiyo tukirudi kwa wazee wa barazani: walioona wagonjwa wakitoka kwenye mashine hoi hawakuota. Ila kitu kikubwa kilichokuwa kikiwaumiza kimeshajulikana na kimeshashughulikiwa.

Hata hivyo utando wa sintetiki haukosi lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kuwa aina moja ya utando wa poliakrilonitraili, AN69, ikitumiwa kwa mgonjwa anayekunywa dawa za presha za jamii ya captopril na enalapril, inaweza kuleta mshtuko mkali. Utando huo una chaji hasi inayozalisha bradikinini, na dawa hizo zinazuia bradikinini isivunjwe. Kila kimoja peke yake kinavumilika, vikikutana shinikizo la damu linaporomoka. Captopril na enalapril si dawa ngeni. Zimo kwenye mifuko ya nailoni ya wazee wetu wengi.

Utando si kila kitu

Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu mwanafunzi wa chuo akipata jambo jipya hupenda kulifanya ndilo jibu la kila kitu. Je, utando bora unaongeza miaka ya kuishi? Ushahidi ni mchanganyiko. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani kwa watu 72 wenye figo zilizoshindwa ghafla ulionyesha kuwa figo zilipona zaidi kwa waliotumia utando wa sintetiki kuliko Cuprophan. Mwaka 1999 utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa Ulaya haukuiona tofauti hiyo. Kwa wagonjwa wa kudumu, utafiti wa HEMO wa Marekani wa mwaka 2002, wenye watu 1,846, ulilinganisha utando wa tundu kubwa na wa tundu ndogo. Kwa jumla vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2009 wenye watu 738 ulikuta faida kwa wale waliokuwa na albumini ndogo, yaani waliodhoofika zaidi.

Somo lake ni kwamba kipimo cha maabara na maisha ya mtu ni vitu viwili. Seli zikiumia kidogo ni jambo jema, lakini mgonjwa anaishi kwa mengi kwa pamoja: presha yake, sukari yake, chakula chake, mshipa wake usiingie wadudu, na kutokosa zamu.

Na maji. Katika kikao kimoja cha saa 4 maji yanayopita upande wa pili wa utando ni kama lita 120, sawa na madumu 6 ya lita 20. Klorini na kloramini za maji ya bomba zisipoondolewa zinapasua seli nyekundu. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji yenye sumu ya mwani yaliingia kwenye kituo cha dialisisi bila kusafishwa ipasavyo, na wagonjwa wapatao 50 walikufa. Unaweza kununua utando bora duniani, maji yakiwa mabaya umefanya kazi bure.

Tukirudi nyumbani

Wengi wetu tutapangiwa skuli za shamba. Mwalimu wa Bayolojia kijijini ndiye daktari wa mdomo: barua za hospitali analetewa yeye asome. Haya ndiyo ninayokusudia kuyasema nikiwa Ole, na nawaomba myachukue.

Kwanza, mashine haiui figo. Anayefika kwenye mashine, figo zake zilishashindwa kabla, mara nyingi kwa presha au sukari iliyoachwa miaka. Anayechelewa anafika na moyo uliojaa maji na potasiamu iliyopanda, na huyo ndiye anayefariki wiki ya kwanza. Kuchelewa ndiko kulikomponza.

Pili, mgonjwa anayo haki ya kuuliza. Bi mkubwa au mzee wako anaweza kumuuliza muuguzi kwa adabu: "Chujio hili ni la aina gani? Dawa zangu za presha zinapatana nalo?" Apeleke dawa zote anazokunywa, na za miti pia, azionyeshe.

Tatu, nusu saa ya mwanzo isipuuzwe. Kubanwa kifua, kuumwa mgongo, kuwashwa mwili, au pumzi kukata, aseme hapohapo, asione haya. Si kudeka. Huenda ni komplimenti inapiga ngoma.

Nne, sisi ambao figo zetu zinafanya kazi tupime presha na sukari, na tuache kumeza diclofenac kama karanga kila tunapoumwa mgongo. Figo haitoi kelele mpaka imeshachoka.

Maswali ya kujipima

1. Wiki ina saa 168. Mgonjwa anapata dialisisi saa 12. Eleza kwa hesabu hii kwa nini mgonjwa huambiwa apunguze maji na vyakula vyenye potasiamu kati ya kikao na kikao.

2. Kwa nini selulosi, ambayo haina sumu, inaamsha mfumo wa komplimenti?

3. Seli nyeupe zinashuka ndani ya dakika 15 kisha zinarudi. Mwenzako anasema, "Basi hakuna madhara, si zimerudi?" Mkosoe.

4. Andaa kipindi cha dakika 40 cha Kidato cha Kwanza kuhusu difusheni ukitumia kifumbu, wanga na aidini. Onyesha wapi mfano wa kifumbu unafaa na wapi unapotosha.

5. Mzee anayeheshimika barazani anasema, "Mashine inaua." Mjibu kwa sentensi tano, kwa Kiswahili cha barazani, bila kumvunjia heshima na bila kumficha kitu.